Maalim Azzan bin Mahrous, Msomaji wa Mawe ya Frigia (1949–2025)

Kwa Mola alitoka, na kwa Mola amerejea. Haya ni maisha ya Maalim Azzan bin Mahrous kwa ufupi, kwa ajili ya jamaa na majirani waliokusanyika hapa Ibra kwenye hitima yake, na kwa wale wa Sur, Nizwa na Unguja ambao hawakuwahi kufika. Bi Ghalia, mjane wake, ameyasikiliza yote kabla hayajachapwa. Pale ambapo watu wa nyumbani walitaka kunyamaza, yeye alisema yaandikwe.

Maalim Azzan alizaliwa Unguja, mtaa wa Mkunazini, tarehe 9 Machi 1949. Alikuwa mtoto wa kwanza wa Mzee Mahrous, mwenyeji wa Ibra aliyekuwa na duka la vitambaa, na Bi Zuwena. Tangu alipojua herufi, hakuweza kupita penye maandishi bila ya kuyasoma kwa sauti: bati la biskuti, gunia la mchele, kibao cha daktari wa meno. Mama yake alikuwa akimwambia, "Azzan, funga mdomo wako. Gunia halikukuuliza kitu." Naye hujibu, "Limeandikwa lisomwe, mama."

Alihitimu chuo cha Kurani akiwa mdogo, akasoma skuli ya serikali mpaka mwaka 1964. Mwaka uliofuata ami yake alimchukua Misri. Alimaliza sekondari Kairo, na mwaka 1969 akaingia Chuo Kikuu cha Iskandaria kusoma historia. Huko ndiko alikokutana na lugha ya Kiyunani. Siku moja mwalimu aliwapeleka wanafunzi mbele ya jiwe la kaburi la kale, akamtaka Azzan asome. Akasoma polepole, herufi kwa herufi: "Mimi nimelala hapa. Nilikuwa binti wa watu." Alipomaliza, miguu ilikataa kuondoka. Miaka mingi baadaye aliwaeleza wanafunzi wake: "Mdomo ulikuwa wangu, lakini 'mimi' hakuwa mimi. Alikuwa ananingojea karne zote hizo nimpe pumzi." Wanafunzi walicheka. Yeye hakucheka.

Mwaka 1974 alihamia Oman, nchi ya baba yake. Alifundisha historia Nizwa mpaka 1983, kisha hapa Ibra mpaka alipostaafu mwaka 2009. Hiyo ndiyo kazi iliyojulikana na wengi. Kazi ya pili aliifanya likizo za kiangazi. Kwa ruhusa za wenyeji alisafiri katika nchi ya kale iliyokuwa ikiitwa Frigia, ambayo siku hizi ni sehemu ya Uturuki, akiyatafuta maandishi ya Kiyunani yaliyobaki kwenye kuta za mazizi, kwenye visima na vizingiti vya nyumba. Hakuchukua mawe. Alichukua sura zao. Alilowesha karatasi nene isiyo na gundi, akailaza juu ya jiwe, akaipiga kwa brashi ngumu mpaka ikaingia ndani ya kila herufi. Ikikauka huibandua, na maandishi yote hubaki kwenye karatasi, yamevimba upande wa pili kama makovu. Alizitundika karatasi hizo katika chumba cha juu cha nyumba yake ya hapa Ibra, alikokuwa akirudi hata miaka ya Nizwa, safu kwa safu, na alizisoma kwa taa iliyowekwa ubavuni, ili vivuli vizioneshe herufi. Watu wa nyumbani waliziita "ngozi". Kitabu chake cha maandishi ya Frigia kilichapishwa mwaka 1998. Jiwe moja tu hakulitia.

Alimwoa Bi Ghalia binti Hamed huko Sur, mwezi wa Mei 1980. Bi harusi alipopandishwa chumba cha juu mara ya kwanza alisimama mlangoni.

"Bwana, hizi sanda?"

"Hawa ni watu."

"Basi bora zingekuwa sanda."

Hata hivyo, kiangazi cha 1981 alifuatana na mumewe Frigia, na yeye ndiye aliyekuwa akimchotea maji. Katika kijiji kimoja cha wachunga kondoo walilikuta jiwe la kaburi limejengewa kwenye ukuta wa birika la maji. Mwanamke aliyezikwa alikuwa akisema hivi: "Wewe unayepita, simama. Litamke jina langu, kisha nenda salama. Atakayeliondoa jina langu hapa, majina yamwondoke." Mstari wa chini yake ulikuwa ni jina, na Maalim alimsomea mkewe yote kwa sauti.

Jiwe lilikuwa bovu. Baridi za miaka mingi zilikuwa zimelivimbisha uso, na mtu mwenye uzoefu angeligonga kwanza kwa ukucha, akasikia kama limeachana ndani. Maalim alikuwa na haraka, jua lilikuwa linazama. Alipoibandua karatasi, ule mstari wa mwisho ulitoka nayo. Utando mwembamba wa jiwe, wenye jina lote, ulikuwa umeganda kwenye karatasi, na mahali pake ukutani pamebaki peupe. Bi Ghalia alikuwa ameshika ndoo. Bibi mmoja wa kijiji aliyekuwa akiosha sufuria aliwatazama, akasema maneno mawili matatu, akaondoka na sufuria yake chafu.

"Kasema nini?" aliuliza Bi Ghalia.

"Kauliza, sasa watu wamwite nani."

Maalim hakuwa mtu wa kuamini laana. Alisema dhara na nafuu ziko kwa Mungu. Lakini alijua kuwa amechukua kitu kisicho chake, na kwamba mwenyewe hana kingine. Akaweka nia ya kulirudisha jina mahali pake kabla hajafa. Tangu kiangazi kile, ile ngozi moja ilitundikwa peke yake, ukuta wa mwisho. Bi Tufool, dada yake Bi Ghalia, kila akija kutoka Sur alilala chumba kilicho chini ya kile cha ngozi. Asubuhi moja aliuliza, akimimina kahawa, "Ghalia, huyo mgeni wenu mbona hashuki?"

"Mgeni gani?"

"Huyo wa juu. Usiku kucha anatembea kama mtu aliyesahau alichofuata."

Bi Ghalia alimwambia ni upepo. Chumba cha juu hakina dirisha.

Watoto wao watatu, Basma, Laith na Shatha, walikua wakijua kuwa ile ngozi ya mwisho haiguswi. Kazi, malezi na ruhusa za serikali zilichelewesha safari mpaka mwaka 2011. Maalim na Bi Ghalia walirudi Frigia na fundi wa kuchonga mawe, ili jina lichongwe upya palepale. Hawakukuta birika. Barabara mpya ilikuwa imepita, na ukuta wote ulikuwa umesagwa kokoto na kutandazwa chini ya lami. Maalim alisimama kando ya barabara akalitaja jina kwa sauti, magari yakipita juu ya lami ile. Kisha akamgeukia mkewe. "Liseme na wewe, Ghalia. Ndilo aliloliomba."

"Mimi usinitie," alisema Bi Ghalia. "Maji niliyachota mimi. Nikilitamka, litanifuata."

Hakumlazimisha. Kuanzia hapo, kila siku baada ya Magharibi, Maalim alipanda juu, akasimama kwenye mlango wa chumba na kulitaja jina lile mara moja, kwa mnong'ono. Nduguye, Sheikh Khelef, alimjia juu.

"Azzan, unamsomea kafiri?"

"Simsomei, ndugu yangu. Namtaja. Hata jirani unamtaja."

Ugonjwa ulianza mwaka 2021. Kwanza yalimponyoka majina ya vitabu, kisha ya mitaa ya Nizwa, kisha ya wanafunzi waliokuwa wakija kumwamkia siku ya Idi. Daktari alisema ni maradhi ya uzee, na bila ya shaka ndivyo. Lakini maradhi hayo kwa kawaida humla mtu akili yote, na ya Maalim yalichukua majina tu. Aliweza kueleza vita vya kale tangu mwanzo hadi mwisho bila ya kumtaja hata mfalme mmoja. Alimjua Laith kuwa ni mwanawe, akamuuliza habari za kazi yake, na asiweze kumwita. Siku moja Bi Ghalia alimuuliza, nusu kwa mzaha, "Mimi nani?"

Alimtazama kwa mapenzi. "Wewe ni wangu. Jina lako limebanduka."

Jina moja tu lilibaki. Kila Magharibi Bi Ghalia alimshika mkono, akampandisha ngazi, na mlangoni Maalim alilitaja bila ya kukwama. Mwezi wa Disemba mwaka jana alisimama mlangoni, akafungua mdomo, na lisitoke. Tangu jioni ile, nyayo za juu zilisikika na watu wote wa nyumba, hata mchana.

Jumatatu, tarehe 13 Januari 2025, hali ilikuwa nzito. Watoto walikuwa wamemzunguka kitandani. "Jina," alikuwa akisema. "Jina."

"Jina lako Azzan, baba," alisema Basma. "Azzan bin Mahrous."

Akatikisa kichwa. Laith akamtajia wajukuu mmoja mmoja. Siyo. Machozi yalikuwa yakimtoka, na mkono wake ulikuwa ukipapasa shuka, kama anayetafuta herufi kwa kidole.

"Mwacheni na majina," alisema Sheikh Khelef. "Mtamkisheni shahada."

"Hatasema kitu mpaka alipate hilo," alisema Bi Ghalia. Alikuwa ndiye peke yake aliyelisikia lilipochukuliwa na lilipokosa pa kurudi. Aliwatazama watoto wake mmoja mmoja, kama anayeyahifadhi majina yao. Kisha akamwinamia mumewe sikioni, lakini alisema kwa sauti ya kusikika na wote: "Melitini."

Maalim alishusha pumzi. Uso wake ukakunjuka. "Ahsante, Ghalia," alisema. Kisha akamwita Basma, na Laith, na Shatha, na nduguye Khelef, kila mmoja kwa jina lake, akapiga shahada waziwazi, na roho yake ikatoka baada tu ya sala ya Alasiri.

Wakati huohuo waliokuwamo chumbani walisikia juu sauti kama ya nguo inayovuliwa. Shatha alipanda. Ngozi zote zilikuwa mahali pake isipokuwa ile ya mwisho, iliyokuwa sakafuni. Aliigeuza. Utando wa jiwe haukuwapo, si kwenye karatasi wala chini. Na karatasi ilikuwa laini pande zote mbili, kama ambayo haijapata kupigwa juu ya kitu.

Marehemu amezikwa Ibra jioni ileile. Kaburi lake, kwa desturi yetu, lina mawe mawili yasiyoandikwa. Ameacha mjane, Bi Ghalia binti Hamed, watoto, Basma, Laith na Shatha, wajukuu watano, na ndugu yake, Sheikh Khelef bin Mahrous.

Bi Ghalia ana ombi moja. Jina lile sasa halipo ukutani, wala kwenye karatasi, wala kitabuni. Kabla ya waraka huu, aliye hai aliyelitamka ni yeye tu. Anasema mpaka leo hajasahau jina la mtu, lakini asubuhi hujihesabia watoto wake kabla ya kuinuka. Anakuombeni, kabla hamjanyanyuka, kila mmoja alitamke mara moja, ili lisimkalie mtu mmoja peke yake. Asiyetaka hatalaumiwa.

Melitini.

Mola amghufirie Maalim Azzan, amnyooshee njia yake, na amjaalie mapumziko yasiyo na mtu wa kumwamsha.