Nyumba ya Plastiki Niliyoiziba kwa Udongo

Ndugu zangu, msiponisikia vizuri semeni, maana nikiwa na hofu sauti yangu hurudi tumboni. Na hofu ninayo. Mke wangu yuko hapo nyuma, ameshainamisha kichwa kabla sijaanza. Nilimwomba ruhusa, akasema, "Sema yote, hata ile ya ujinga wako." Basi nitasema yote.

Wengine mnajua nilikuwa utingo wa lori la njia ya kaskazini. Vita ilipoanza mwaka wa tisini, njia ilifungwa na kazi ikafa. Mke wangu ndiye aliyesema tuoteshe miche ya nyanya na pilipili hoho, tuwauzie akina mama wa Nyabugogo wenye bustani. Tukajenga nyumba ya miti na plastiki bondeni, hatua chache kutoka mlango wetu. Mtaniambia Kigali hakuna baridi. Kweli, barafu haituangukii. Lakini njooni bondeni alfajiri ya kiangazi, ukungu umelala juu ya majani, mtaona. Hoho haistahimili. Mbegu zinaoza udongoni, na zilizoota zinadumaa na kulala chini moja moja. Miche ya kwanza tuliipoteza yote.

Nikajiona fundi. Nilichukua imbabura yetu, hili jiko letu la mkaa, nikaliweka jioni katikati ya nyumba ya plastiki, nikalijaza na kulifunika kwa bati lenye matundu. Asubuhi miche ilikuwa imesimama. Siku hiyo nilitembea kifua mbele.

Sasa, hali mnaijua. Giza likiingia hakuna kutoka nje, doria inapita. Mtu anachukuliwa kwa neno la jirani tu. Na mimi nimekulia Kigoma. Nikifungua mdomo kila mtu anajua sikukulia hapa. Nawaambia, nilikuwa naogopa hata kukohoa.

Jirani yetu ni mzee mmoja mwenye ng'ombe wawili. Maneno yake machache, halafu anakutazama mpaka unasahau ulichotaka kusema. Jioni moja alisimama kwenye ua.

"Kijana, nyumba yako ya plastiki iko inawaka usiku. Ni nini?"

"Ni jiko tu, mzee. La miche."

"Inaonekana mbali. Mpaka kule barabarani." Akaenda zake.

Sikula siku hiyo. Mwanga bondeni usiku, na vita inaendelea! Niliona kabisa wamekuja: huyu mtu wa Tanzania anawapa adui ishara. Nikamwambia mke wangu, mzee atatuchongea. Akasema, "Basi tuzime." Nikakataa. Miche ilibakiza wiki mbili tu iuzwe, na hatukuwa na kitu kingine. Kesho yake nikakanda udongo, nikaziba kila ufa, hata lile tundu la juu nililoliacha la kutolea moshi. Ndani nikatundika mikeka na mablanketi ya zamani. Giza lilipoingia nikachungulia kutoka mlangoni kwetu, nisione hata uzi wa mwanga. Nililala vizuri, ndugu zangu. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Alfajiri mke wangu alitangulia kumwagilia. Mimi nilikuwa natafuta kandambili zangu. Nikasikia ndoo ikianguka. Nikamwita. Nikamwita tena.

Nilipofungua ule mlango, hewa ilinipiga usoni, nzito, ya joto, hata haikunuka moshi. Alikuwa amelala kifudifudi juu ya miche. Nilimvuta nje huku kichwa kinanizunguka, nikamlaza, nikaweka kiganja karibu na pua yake. Sikusikia kitu.

Na hapa ndipo penye aibu yangu. Saa ya kuruhusiwa kutoka ilikuwa haijafika. Nilitaka kupiga kelele, nikaogopa kupiga kelele. Mke wangu anakufa, na mimi nasikiliza kama kuna buti barabarani! Pengine ilikuwa kidogo tu, muda wa kuvuta pumzi mara tatu. Yeye hakuwa na hata moja. Kisha nikapiga kelele.

Milango yote ilinyamaza. Ukafunguka mmoja, wa mzee. Aliruka ua kwa umri ule, bila viatu, panga mkononi, nami nikadhani amekuja kutumaliza. Alinipita. Akachana plastiki yangu upande hadi upande, akarudi mbio. "Muvute kwa upepo! Legeza nguo! Mupepee!" Tukampepea kwa ungo. Nilitaka kuomba, maneno hayakuja, nikawa nasema "tafadhali, tafadhali" tu. Mwishowe akakohoa, akatapika, akaniuliza ndoo iko wapi.

Jua lilipotoka, mzee akakaa chini kwenye majani, bado anahema. "Nilikuuliza juu ya moto," akasema, "na wewe unaziba! Dada yangu alikufa na imbabura, kwa chumba imefungwa. Nilikuwa naogopa kwa ajili yenu."

Nikamwambia ukweli, kwamba mimi nilikuwa namwogopa yeye.

Akanitazama sana. "Na mimi nilikuogopa wewe. Mtu wa Kigoma, sijui uko nani. Ndiyo maana sikurudi kukuambia vizuri."

Yeye ndiye aliyenifundisha joto lisilo na moto. Tulishona ile plastiki, tukachimba ndani mtaro wa kufika gotini, tukaujaza samadi mbichi ya ng'ombe wake na majani makavu, tukamwagia maji kidogo na kukanyaga. Unaacha siku kadhaa mpaka ukali wake upungue, kisha unaweka udongo juu, kina cha kiganja kimoja, na miche juu yake. Pembeni tukapanga madumu ya maji tuliyoyapaka masizi. Mchana yanakunywa jua, usiku yanalirudisha. Hakuna mwanga, hakuna mkaa wa kununua, na tundu la juu liko wazi. Hoho zilitoka, akina mama wa Nyabugogo wakachukua.

Namshukuru mzee yule. Namshukuru muuguzi wa zahanati tulikompeleka mke wangu siku ile, aliyenigombeza mpaka nikalia. Nawashukuru nyinyi mlioleta uji bila kuuliza maswali. Mwenye jiko la mkaa, lisilale ndani na watu, hata baridi iwe vipi. Na jirani akikuuliza jambo, naye mwulize kwa nini anauliza.

Sitawadanganya kwamba hofu imeniisha. Doria bado inapita, na mimi bado ni mtu wa Kigoma. Kila alfajiri naamka kabla ya mke wangu, naweka kiganja karibu na pua yake. Anajifanya amelala. Halafu anapumua kwa nguvu kidogo, ili nisikie.