Miaka Thelathini na Mitatu ya Kuwateremsha Waliobarikiwa

Tarehe 30 Juni, Mzee Osvaldo Fernando anastaafu baada ya kuitumikia Nyumba yetu ya Mafungo, hapa pembezoni mwa Mtawanya, kwa miaka thelathini na mitatu. Ni umri aliokaa Bwana wetu duniani, jambo ambalo Mzee alitukumbusha kila alipoomba likizo.

Aliajiriwa kama mlinzi wa lango. Kwa wezi hakuwa hodari sana; mwaka mmoja walibeba hata kengele, yeye akiwa anambembeleza sista mmoja aondoke. Kazi yake hasa ilikuwa kuwatoa waumini.

Kwa wasiotujua: watu huja kwetu kufunga na kusali, na asubuhi ya mwisho hupanda kwenye kikanisa cha kilimani. Kilima chenyewe, watu wa Newala, waliozoea miinuko ya kweli, wakikiona hucheka. Lakini huko juu wengi huguswa kweli. Hulia, husamehe madeni, hukumbatia mikorosho. Kisha hugoma kuteremka.

Mzee Osvaldo alikuwa na dawa. Wanakwaya aliwaambia kuwa sauti zao husikika vizuri zaidi wakiimbia getini. Wengine aliwapa ndoo waende kuokota korosho kwa jirani yetu Mzee Selemani, mpaka Mwislamu huyo mwema akaanza kupanga msimu wake kwa kufuata kalenda yetu ya mafungo.

Aliyemtoa jasho ni Danieli, katekista wa Chuno. Huyo alijenga vibanda vitatu vya makuti kilimani, akafafanua kwamba kosa la Mtume Petro kule mlimani Bwana alikogeuka sura lilikuwa kupendekeza vibanda vitatu badala ya kuanza ujenzi. Mzee Osvaldo hakubishana na Maandiko. Alikodi bajaji, akarudi na mke wa Danieli, Witness, watoto wanne na mama mkwe, akawagawia vibanda. Jua halijapanda sawasawa, watoto walikuwa wakigombea beseni, mama mkwe akiulizia choo, na Danieli ameshafungasha. Mzee alimsindikiza akimweleza kuwa mtu akishachota maji hakai kisimani, wa nyumbani wana kiu. Siku hizi Danieli huosha vyombo kila Jumapili. Witness anathibitisha.

Miaka yote hiyo Mzee mwenyewe hakuwahi kupanda wakati wa sala, maana lango halikuwa na mtu mwingine. Kwa hiyo mwezi uliopita tulimwandikisha mafungo kwa lazima, kama zawadi. Alipanda, akapiga magoti, na baraka zikamshukia pamoja na malimbikizo.

Hakuteremka. Alitangaza kuwa akistaafu harudi kwake Kitaya. Atalala kikanisani mpaka Bwana atakapomwita. Tulijaribu dawa zake zote, naye alizijua. Korosho aliziokota huku akiimba, akapanda tena. Meneja alimpelekea hoja, akarudi analia kwa furaha, tukawa na wawili walioguswa.

Tulicheka, halafu tukaacha kucheka. Kitaya yuko mkewe, Mama Felismina, aliyelima mpunga kando ya Ruvuma ujana wake wote na kumwona mumewe mwisho wa mwezi tu, akihesabu siku mpaka Mzee astaafu. Tulimpigia simu, akaja.

Hakuja na beseni wala wajukuu. Aliketi kando ya mumewe, akamwambia kwa upole kwamba anashukuru Bwana amemtembelea, tena amefurahi kuliko sisi sote. Ila yeye kule nyumbani kila jioni husali peke yake, na akimaliza hujiitikia Amina mwenyewe.

Mzee Osvaldo aliinuka, akajifuta magoti, akauliza gari la Kitaya linaondoka saa ngapi.

Mzee wetu, asante kwa lango, kwa vicheko, na kwa kutusukuma sisi sote turudi makwetu tukiwa na kitu mkononi. Tunakupenda, na roho zinatuuma. Tunawatakia wewe na Mama Felismina maisha marefu yenye afya na mpunga wa kutosha. Nenda, Mzee. Jioni Mama anasubiri umwitikie Amina.