Nilishuhudia Kabla Barasa Hajachukuliwa

Bwana asifiwe, ndugu zangu wa maombi ya Ijumaa. Ni mimi Nasimiyu wa Riyadh, yule mrefu anayeimba mpaka dada Mercy anamwambia ashushe sauti majirani wasisikie. Jeddah sifiki leo. Madam hasafiri mpaka shule zifungwe, na mimi kungoja sijui. Kwa hivyo nimeandika kwa daftari, nikapiga picha, na dada Mercy atawasomea hapo sebuleni kwake, mtaa wa Bani Malik. Dada Mercy, soma yote. Usiruke pahali.

Ndugu zangu, likizo iliyopita nilisimama mbele yenu nikasema kakangu Barasa amechukuliwa na timu ya kulipwa Marekani. Mlilia na mimi. Haikuwa kweli. Hakuna timu ilikuwa imemchukua.

Sasa wacha nianze mwanzo.

Kwa mama tuko wawili tu, mimi na Barasa. Nilipokuja Saudia nilimwacha yuko sekondari, anacheza raga. Raga ikampeleka koleji Marekani, na huko kochi akamgeuza akamfundisha futiboli yao, ile ya kuvaa helmeti na mpira umechongoka kama yai. Yeye ni wa ulinzi, wale wanaoinama mstari wa mbele kabisa. Mpira ukitoka tu, kazi yake ni kupasua ukuta wa watu wanene amfikie yule anayerusha mpira kabla hajarusha.

Miaka mitano sijamwona. Kila Alhamisi nikipiga pasi kanzu za bosi naweka simu hapo kwa ubao tunaongea. Ananiambia theluji, namwambia vumbi. Nilikuwa najua mpaka vile anakohoa. Lakini kusikia mtu si kumshika, nyinyi wenye watoto nyumbani mnajua hiyo vizuri kuliko mimi.

Shida ilikuwa moja. Kwetu Bungoma Barasa ni jitu, anaingia kwa mama akiinama. Kule Marekani wakaguzi wa timu wanampima halafu wanaandika kwamba ni mdogo. Futi sita, kilo mia na ishirini, na ni mdogo. Wale anaosukumana nao wana kilo mia na arobaini na kupita. Nilikuwa nakasirika kama nimetukanwa mimi. Na nitasema ukweli, nilikuwa nimefunga maisha yangu yote kwa huyo kijana. Nilijiambia siku atachukuliwa ndiyo siku nitafunga sanduku nirudi nyumbani. Madam akiniuliza kama nitaongeza mkataba, nasema bado, kwa sababu moyoni nangoja Barasa.

Halafu mimi na familia ya madam tukaja Jeddah likizo. Madam akanipa ruhusa kila Ijumaa, nikawa napanda teksi ya kushirikiana na Wafilipino watatu mpaka kwa dada Mercy. Mnakumbuka ile Ijumaa ya tatu. Madirisha yamefungwa, televisheni imeongezwa sauti, tunaimba chini chini. Mmoja akasimama, kafili wake, bosi mwenye viza yake, amekubali kumpa likizo. Mwingine, ikama yake, kibali cha kukaa, imetoka. Mwingine, mtoto amepita mtihani. Mimi nilikuwa nimekaa Ijumaa mbili bila neno, na wiki iliyofuata narudi Riyadh.

Mnajua vile sisi hufanya. Tunashuhudia kwa imani. Unakiri kitu kabla hakijaja, halafu unangoja Mungu akifikishe. Nikasimama nikasema, "Kakangu amechukuliwa." Sikusema kwa imani. Hayo maneno mawili niliyaacha tumboni. Mkanirukia, mkanikumbatia, dada Mercy akalia mpaka akatafuta miwani. Na mimi, ndugu zangu, nilisikia utamu. Kwa dakika hiyo ilikuwa kweli.

Kuna mtu alirekodi. Simlaumu. Ile sauti ilifika Bungoma kabla mimi sijafika Riyadh. Jumapili kanisani wakamwita mama mbele, wakamfunga leso mpya, wakamzungusha kwa nyimbo.

Barasa akanipigia, na haikuwa Alhamisi.

"Dada, nani amechukuliwa?"

"Ni imani, Barasa."

"Mama ananiuliza jezi yangu ni namba ngapi. Nimwambie nini?"

"Mwambie angoje. Wewe kula tu. Ongeza kilo, watakuchukua. Kula, Barasa."

"Unafikiri mimi ni ng'ombe wa Krismasi?"

Nikacheka. Yeye hakucheka. Alhamisi iliyofuata hakushika simu. Na ile nyingine, na ile nyingine. Meseji anasoma, hajibu. Nilipiga pasi kanzu kimya wiki tisa. Nilianza kuongea na zile kanzu. Nilikuwa nasikiliza sauti zake za zamani kwa simu, hata moja ya sekunde nne anasema tu "niko njiani".

Wiki ya kumi mama akanitumia video. Barasa alikuwa amemtumia yeye, mechi za msimu huu, ili aonyeshe watu wa kanisa. Sasa mimi ule mchezo naupenda lakini siuelewi vizuri. Anayeuelewa ni Faisal, mtoto mkubwa wa madam. Alisoma Marekani, anatazama hizo mechi mpaka madam anamgombeza. Alikuwa jikoni anatafuta jibini, madam amekaa pale na kahawa yake. Nikampa Faisal simu.

"Huyu ni ndugu yako wa kweli?"

"Wa tumbo moja."

"Basi wewe ndiye ulichukua urefu wote." Madam akacheka. Faisal akaendelea, "Una video ya mwaka jana? Yalla, lete."

Akaweka ya mwaka jana kwanza. Akasimamisha kwa kidole. "Tazama mguu wake wa kwanza. Mpira umeguswa tu, yeye ameondoka. Wengine bado wameinama. Hiyo mtu hafundishwi."

"Kwa hivyo watamchukua?"

"Subiri." Nilikuwa nimeshikilia bomba la sinki, yeye anaendelea. "Mikono ni mifupi. Mkubwa akiwahi kumshika kifua, halas, amekwisha. Wakimshika wawili, wanamsukuma kama toroli. Timu kubwa haziwezi kumwita jina siku ya kuchagua wachezaji wapya. Labda moja imwalike mazoezini. Au aende Kanada. Kule walinzi wanasimama hatua moja nyuma ya mpira, mtu mwepesi anapata nafasi."

Halafu akaweka ya mwaka huu. Akatazama, akarudisha, akatazama tena.

"Ameongeza kilo ngapi?"

"Sijui."

"Ameongeza nyingi. Na goti linamuuma, ona vile anainuka. Ule mguu wa kwanza mafi. Umeisha. Ndio ulikuwa kitu chake chote. Nani alimwambia anenepe?"

Madam aliniangalia akaweka kikombe chini, akasema, "Nasimiyu, kaa." Sikukaa. Nikaenda chumba cha kufulia nikafunga mlango, mashine inazunguka, nikapiga magoti kwa sakafu yenye maji.

Ndugu zangu, miezi yote nilikuwa naomba Mungu amwongezee Barasa mwili. Siku hiyo sikuomba hiyo. Nilisema, Baba, mimi nilidanganya kwa jina lako, na kakangu anajivunja ili nisionekane mwongo. Nirudishie. Usimfanye mkubwa. Nirudishie tu vile alivyo. Nilirudia hivyo mpaka mashine ikasimama. Na nilipoinuka nilijua cha kufanya, na sikutaka kukifanya, na nilikifanya.

Nilianza na mama. Nikamwambia yote. Akasema, "Ngoja nikae." Nikasikia kiti.

"Hiyo leso nilivaa mbele ya watu, Nasimiyu."

"Najua, mama."

"Hujui. Lakini Jumapili nitasimama niseme mwenyewe. Barasa ameshaumia, mtoto mwingine wa kuvunjika sitaki."

Halafu nikamrekodia Barasa. Nikasema, kakangu, nilidanganya, na mama anajua, na ndugu wa Ijumaa watajua. Hakuna mtu unadaiwa jezi. Punguza kilo, mwonyeshe daktari goti. Wasipokuchukua wewe bado ni Barasa. Nimekukosa mpaka naongea na nguo.

Siku tatu, kimya. Ya nne ilikuwa Alhamisi. Simu ikalia hapo kwa ubao, na nilichoma kola ya bosi, alama iko mpaka leo.

"Dada."

Nikaweka pasi kando, nikashika simu kwa mikono miwili.

"Leo nimekula mara tatu tu, kama binadamu. Nilikuwa nakula mara saba. Usiku siwezi kupumua nikilala chali. Kochi nimemwonyesha goti, amenigombeza vibaya sana." Halafu akauliza, "Kwani unaambia nguo nini?"

Tulilia, halafu tukacheka, halafu tukalia. Huo ndio wokovu wangu, ndugu zangu. Mungu alinitoa kwa uongo wangu mwenyewe na akanirudishia sauti ya mtu wangu.

Siku ya kuchagua ilipita. Jina lake halikuitwa. Alinipigia usiku huo huo akaniambia mwenyewe, na sauti yake ilikuwa nzito lakini ilikuwa yake. Anapunguza kilo polepole. Timu moja ya Kanada imemwalika aende wamjaribu siku mbili. Hiyo siishuhudii. Haijakuwa. Msiirekodi, msiitume Bungoma, tafadhali.

Na mimi bado niko hapa. Mkataba nimeutia sahihi mwaka mmoja, mmoja tu, kwa hesabu zangu mwenyewe, si kwa mabega ya mtu. Bado sijamwona. Natamani nimwone vibaya sana, nimguse hata sikio. Hamu haijaondoka, nisiwadanganye tena. Lakini sasa nikiiombea naiita kwa jina lake, hamu, si ushuhuda.

Nawaomba msamaha nyote, na dada Mercy zaidi, kwa yale machozi. Na kama kuna mmoja hapo sebuleni aliyesimama akasema kitu ambacho hakijakuwa, kafili hajakubali, mume hajarudi, mtoto hajapona, asimame leo aseme, "Bado." Mungu wetu haaibiki na neno bado. Nilimwamini nalo, akanisikia katikati ya nguo chafu. Mwaminini na nyinyi. Amina.