Tundu la Kwenye Matete

Bi Velta alikuwa kwenye treni ya kwenda ziwani, amepakata keekee yake ya kutobolea barafu ili avue samaki, masikio yote kiti cha mbele. Wanaume wawili, waliojuana ndani ya treni hiyohiyo asubuhi ile, walikuwa wakiongea kama watoto siku ya sikukuu.

"Viluwiluwi vya chambo weka kifuani, mzee wangu," alisema Aivis, kijana wa kofia ya manyoya. "Vikiganda, samaki hata havitazami."

"Unanifundisha mimi? Jana nimetoa samaki kumi na tisa, tundu moja tu!" alijigamba Imants, akipangusa ndevu. "Pale kwenye matete. Nilikuta mtu kalifunika theluji vizuri, kachomeka kijiti."

Aivis aliruka. "Kijiti chenye kitambaa chekundu? Wee mzee! Hilo tundu langu, nimelitoboa mwenyewe!"

Kitambaa kile alikuwa amekikata Velta mwenyewe kwenye skafu yake.

"Lako? Haya, samaki ulikuwa unawatupia nini?"

"Aa... mkate."

"Muongo mkubwa! Pale pembeni palimwagika uji wa shayiri, unanuka kitunguu saumu hatari!"

Velta aliubana mfuko wake wenye uji uleule. Siku nne amewalisha samaki wale ili waizoee sehemu, leo aje kuvuna. Kumbe alikuwa akimlisha na Imants.

Treni ikapunguza mwendo, ikasimama kituoni. Wawili wale wakainuka, bado wanabishana tundu ni la nani, mara Imants akanusa hewa.

"Kijana, husikii harufu ya kitunguu saumu?"

Wakageuka. Kiti cha nyuma kilikuwa kitupu, na nje dirishani mama mmoja alikuwa akikimbilia ziwani, keekee begani.