Kopo la Pili Mezani

Wasikilizaji wapendwa, leo hakuna muziki wa kufungulia. Tumemzika Orval Lindquist. Orval Lindquist, mjaza risasi wa bonde letu hapa Montana, mwenye miaka sitini na tisa. Ameuawa na bunduki yake mwenyewe, siku ya tatu ya msimu wa kuwinda elki, wale kulungu wakubwa wa huku.

Miaka arobaini Orval alijaza risasi kwa mkono, kwenye chumba kilicho nyuma ya jiko la mkewe, Marlys. Ganda, fataki, baruti, kichwa. Sheria yake ilikuwa moja: kopo moja tu la baruti mezani. Na anapopima, usimsemeshe. Niliwahi kuingia na kahawa yangu, akanitimua. "Toka, mdomo mkubwa we! Nikikosea, utanizika wewe?"

Bunduki yake ilikuwa ndogo, ya marehemu baba yake. Kila vuli aliangusha elki nayo, kwa subira ya kusogea karibu. Mwaka jana dume mmoja akamponyoka na jeraha. Orval alimfuata siku mbili kwenye theluji, asimpate.

Mgahawani, mdogo wake Dwight akamkejeli mbele za watu. "Kaka, hiyo bunduki au fimbo ya kufukuzia kuku? Tafuta ya wanaume!"

Watu wakacheka. Nami nikacheka. Kesho yake nikaurudia mzaha ule hapa hapa, kwenye kipaza sauti hiki.

Orval akanunua magnamu, bunduki kubwa kuliko zote bondeni. Marlys ameniambia, "Kila akienda kuijaribu, anarudi na bega jeusi kwa teke lake. Namwambia, baba, rudi kwenye ile ya zamani. Ananijibu, ili wanicheke tena redioni?"

Lakini ile ya zamani hakuiacha. Aliendelea kuijazia risasi kimyakimya. Baruti ya bunduki ndogo huwaka haraka, ya magnamu huwaka polepole. Makopo yanafanana. Miaka arobaini kopo moja, wasikilizaji. Juma la kuelekea msimu yalikuwa mawili, na mkono wake ukachukua silo, akajaza baruti ya haraka kwenye maganda ya magnamu. Alipofyatua, magnamu ikapasuka usoni pake.

Makaburini Dwight alisema neno moja tu: "Fimbo." Akalia.

Mezani kwake wamekuta kisanduku cha risasi ishirini za bunduki ndogo. Zimepimwa sawasawa, hazina kasoro. Juu yake ameandika kwa penseli: "Hizi ndizo zangu."

Wahenga walisema mzaha mzaha hutunga usaha. Nilikuwa nikiisema methali hii kwa madaha. Leo inanichoma. Wewe unayenisikiliza, mfikirie mtu uliyemcheka juma hili, na kitu ulichomfanya akionee aibu.

Dwight, pole. Watoto wa Orval, poleni sana.

Marlys, shemeji yangu, pole. Najua hunisikii. Jirani yako ameniambia kuwa redio umeitoa nje, umeiweka kwenye theluji.