Miezi Kumi na Moja ya Kumtafutia Mzee Omolo Mashine

Leo, tarehe 31 Machi 1978, Mzee Zakayo Omolo anastaafu baada ya miaka thelathini kamili ya kupiga na kung'arisha rangi za magari katika gereji yetu ya Barabara ya Port Bell. Mimi niliyetwikwa kazi ya kuandika wasifu huu ni Hindu binti Maftah, mwenye funguo za stoo tangu mwaka 1961. Nimeuandika kwa mapenzi na kwa hasira, na atakayesoma hadi mwisho ataona kwamba hasira ilikuwa na haki yake. Zimechapwa nakala kumi na mbili tu. Mkishamaliza chai, kila mmoja anirudishie yake mkononi, tafadhali, isiende nyumbani na mtu.

Mzee alifika Kampala kutoka Kisumu akiwa na mashati mawili na barua ya mjomba wake. Alianza kwa kuosha magari. Baada ya mwaka mmoja akapewa msasa wa maji, na mwaka 1955 akakabidhiwa bomba la kupulizia rangi, ambalo hajampa mtu mwingine alishike mpaka wiki hii. Gereji imebadilisha wenyewe mara tatu tangu hapo. Wale wa zamani walipoondoka na masanduku yao mwaka 1972, walimwachia Mzee ufunguo wa kabati la rangi kwa sababu hawakujua mwingine wa kumwachia. Mwenyewe mpya wa kwanza aliuliza kwa nini gari limekaa siku mbili bila kuguswa na mtu. Mzee akamjibu kwamba rangi inakauka, na rangi haina haraka. Mwenyewe huyo alidumu miezi mitano.

Kufanya kazi naye si jambo la kumtakia ndugu yako. Kwanza haruhusu mtu kuegemea gari. Amewahi kupaza sauti, "Toa hiyo mukanda kwa gari ya watu!" na aliyekuwa ameegemea ni askofu. Ukiingia chumba cha rangi unavua saa na pete. Mimi nimevua bangili zangu mlangoni kwa miaka kumi na saba, hata siku ambazo nilikwenda kumwita tu aje kula. Kazi ya siku tatu ataifanya kwa siku saba, kisha atafumba macho, atapitisha mgongo wa mkono juu ya boneti polepole, na kama kuna mahali hapakumridhisha ataanza upya mbele ya mteja aliyekwisha kuwasha injini.

Mafanikio yake ni mengi, lakini nitataja moja, kwa kuwa linahusika na mashine. Mwaka 1974 lililetwa Benzi jeusi la mkubwa mmoja, na agizo lilikuwa ling'arishwe kabla ya saa sita mchana. Siku hizo tulikuwa na mashine moja ya kung'arishia, ile inayozunguka tu kwa nguvu kama jiwe la kunolea visu. Mzee alikuwa hospitali kumtazama mkewe, kwa hiyo fundi wetu wa bodi, Opoka, akaishika yeye. Kwenye ukingo wa madigadi ya mbele mashine ikakaa mahali pamoja kwa muda wa kupiga chafya. Rangi ikaungua mpaka ikaonekana ile ya kijivu ya chini.

Sitasema tulifanya nini. Nitasema tu kwamba mimi nilijifungia stoo. Mzee alirudi, akatazama, akavaa koti lake la kazi, na mkubwa alipofika akamkuta amesimama kando ya madigadi peke yake. Akamwambia, "Afande, hapa tumechoma. Ukichukua leo itakuwa na alama. Ukiacha mpaka Alhamisi, hutaona kitu." Mkubwa akainama kutazama, dakika ambayo Opoka mpaka leo hapendi kuizungumzia. Kisha yule mkubwa akasema Alhamisi ni sawa, akaenda zake. Alhamisi alikuja, akatafuta alama kwa kidole, akaikosa. Sisi tuliokuwa tumejificha tukatoka kumpongeza Mzee, naye akatutuma tukafagie.

Sasa nije kwenye hasira yangu. Mwezi Aprili mwaka jana iliundwa kamati ya zawadi, yaani Opoka, Bashir wa mapokezi na mimi. Tulikubaliana upesi mno, na hapo ndipo tulipokosea. Kila mtu anajua kwamba kila Jumapili Mzee huketi uani kwake Ntinda na Pijo 403 yake, akiipangusa na kuizungumzia. Tena kila mtu anajua, na samahani kwa kuliandika, kwamba gari lile ni aibu ya ufundi. Mkuu wa chumba cha rangi anaendesha kitu kisicho na mng'aro hata wa kumulikia mende, kama sufuria iliyosuguliwa kwa mchanga na majivu. Kwa miaka mitano tumelicheka gari hilo yeye akisikia. Tukasema tumpe mashine ya kung'arishia, labda astaafu kwa heshima. Tukamwambia achague mwenyewe.

Laiti tungempa blanketi.

Mashine ya kwanza tuliipata Luzira, kwa mtu aliyekuwa anafunga karakana. Mzee hakuiwasha hata mara moja. Aliigeuza, akaizungusha sahani yake kwa kidole, akasema hii ni ndugu ya ile ya Benzi, akaenda kunywa chai.

Ya pili ilikuwa inatetemeka vizuri, haina ukali, na Bashir alikuwa na hakika nayo. Mzee akachukua chaki, akachora mstari ukingoni mwa sahani, akaiwasha juu ya kipande cha mlango mbovu. Mstari ukabaki palepale ukitetemeka. Akaeleza, kwa saa nzima wateja wakingoja, kwamba mashine ya kurekebisha rangi inapaswa kufanya mambo mawili pamoja, izunguke huku ikiyumba. Ikizunguka tu, inachoma na kuacha michirizi ya mviringo inayoonekana juani. Ikiyumba tu, haiondoi mkwaruzo, na mjukuu wake atastaafu kabla boneti haijaisha.

Ya tatu ilizunguka na kuyumba. Tulishangilia. Opoka alimwambia, "Mzee, hii iko muzuri kabisa! Wewe nataka nini ingine?" Mzee akataja vitu viwili. Inaendeshwa kwa upepo, naye Ntinda hana kompresa. Pili, sahani yake ni pana, haitaingia kwenye mapindo karibu na taa, itaegemea ukingo, na ukingo ndipo rangi inapokuwa nyembamba zaidi. Nilimkumbusha kwamba gari lenyewe linafanana na pipa. Alinitazama kwa upole ulioniudhi zaidi kuliko kama angenitukana.

Mwezi wa Novemba akatuletea masharti yake, ameyaandika nyuma ya karatasi ya sigara, ili Khisa, dereva wa lori letu, ayapeleke Nairobi. Mashine iwe ya mwendo wa namna mbili. Sahani isizidi kiganja. Iwe ya umeme wa nyumbani. Kasi iweze kupunguzwa. Iwe na kitako cha sponji, si sufu. Na sharti la mwisho, ambalo hakuna aliyelielewa, ni kwamba ukiikandamiza kwa nguvu, sahani iache kuzunguka. Mimi nimeposwa mara mbili na sikuwahi kuandikiwa masharti mengi namna hiyo. Khisa alirudi mara tatu mikono mitupu. Huko mpakani siku hizi mambo ni kama mnavyoyajua, na kila safari alikuwa akieleza upya kwa watu wenye haraka kwa nini anatafuta mashine inayoacha kufanya kazi ukiikandamiza.

Kufika Februari nilikuwa nimechoka. Jumapili moja nikafunga kilemba changu, nikachukua orodha ya mashine mbili zilizokuwa zinapatikana, nikaenda Ntinda kumwambia Mzee achague mojawapo papo hapo au apewe blanketi. Nilimkuta uani na mkewe, Mama Akoth. Nikasema yote niliyokuwa nayo, na nilikuwa nayo mengi. Nikamaliza kwa kusema kwamba gari lile halistahili hata kitambaa.

Mzee alifungua buti, akaniita nitazame upande wa ndani wa kifuniko.

Kulikuwa na rangi ya kijani changa, kama jani la mgomba ambalo bado limejikunja, na iling'aa kiasi kwamba nilijiona kilemba kimepinda. Mama Akoth ndiye aliyeeleza. Rangi ile aliichagua yeye mwaka 1968. Mzee aliipiga mwenyewe kwa miezi minne, na gari zima lilikuwa hivyo, watu wa Ntinda wakija kujitazama kwenye milango yake. Kisha mwaka 1973 jirani yao mwenye gari zuri aliombwa lifti na watu asiowajua. Gari halikurudi. Jirani alirudi baada ya wiki tatu, na tangu siku hiyo hutembea kwa miguu hata akienda Ggaba kununua samaki. Mwajua wenyewe kwamba gari likipendeza sana siku hizi hupata mwenyewe mpya. Jumapili iliyofuata Mzee alichukua msasa wa maji, akaanza kwenye boneti, akalisugua gari lake lote mpaka likafa mng'aro. "Alilia kama mutoto," Mama Akoth akasema. Mzee akasema hakulia, ilikuwa vumbi. Mama Akoth akasema msasa wa maji hauna vumbi.

Ndugu zangu, niliona aibu ambayo sijui niiweke wapi. Mtu aliyetumia maisha yake kuondoa mikwaruzo kwenye magari ya watu alikwaruza la kwake kwa mkono wake, na sisi tukamcheka miaka mitano, naye akatuacha tucheke kwa sababu kicheko chetu kililisaidia gari kuonekana bovu.

Ndipo nikaelewa yale masharti. Msasa ulikula rangi, na iliyobaki ni nyembamba kama ganda la kitunguu. Ile iliyokuwa kwenye kabati la gereji imekwisha tangu 1972, na hakuna wa kuichanganya tena. Mashine ya kuzunguka tu ingeitoboa mara moja. Hii ya miendo miwili, mkono ukizidi kukandamiza, sahani husimama na kubaki inatetemeka, kwa hiyo haichomi. Ana nafasi moja tu ya kuirudisha rangi ile, na hakutaka kuipoteza kwa sababu kamati ina haraka. Nilimuuliza kwa nini hakutuambia. Akasema hatukuuliza, tuliuliza mashine gani tu. Jibu kama hilo ndilo linalomfanya mtu atake kumkumbatia Mzee Omolo na kumpiga kwa ndara wakati mmoja.

Tarehe 11 Machi Khisa akaingia na lori la vitunguu, na chini ya magunia kulikuwa na mashine. Imetumika, waya wake umefungwafungwa, lakini masharti yote sita yamo. Tulikwenda Ntinda wote wanne. Umeme haukuwapo, bila shaka. Tuliketi tukinywa chai isiyo na sukari mpaka saa kumi, taa ikawaka, na Mzee akachora mstari wake wa chaki. Mashine ikawashwa, mstari ukazunguka hadi ukapotea machoni. Akakandamiza. Mstari ukaonekana, ukasimama, mashine ikaendelea kutetemeka. Alirudia mara tisa. Opoka alitaka kupiga makofi, nikamshika mkono.

Kisha Mzee akavua saa, akapiga magoti, akachagua mahali chini kabisa ya mlango wa dereva, upana wa kiganja. Akapaka dawa ya kung'arishia, akapitisha mashine polepole kushuka na kupanda, akapangusa. Kijani kikarudi. Mama Akoth aliweka mkono mdomoni. Bashir, ambaye si mtu wa machozi, alikwenda kutazama ukuta. Tukamwambia Mzee aendelee, jua bado lipo, umeme upo, amalize japo mlango. Khisa akamwambia kama anaogopa, wavuke naye mpaka Kisumu, akaling'arishe huko bila wasiwasi. Mzee akasema, "Hii rangi ya Kampala. Mama alichagua Kampala. Itang'aa hapa."

Akainuka, akaenda kwenye mfereji nyuma ya jiko, akachota tope kwa kiganja, akalipaka juu ya ile sehemu kwa uangalifu uleule, mpaka pembeni, bila kuacha tundu. Akafumba macho, akapitisha mgongo wa mkono. Akaridhika. Mashine akaifunga kwenye shuka, akaiweka chini ya kitanda.

Kwa hiyo, Mzee, umetuzungusha miezi kumi na moja kutafuta mashine ambayo hutaki kuiwasha. Nilikasirika njia nzima ya kurudi nyumbani, na safari hii hasira haikuwa juu yako. Tunakushukuru kwa miaka thelathini, kwa Alhamisi ya Benzi, na kwa kila bangili uliyonivulisha mlangoni. Tunakutakia afya, wewe na Mama Akoth, na umeme usiokatika, na zaidi ya yote tunakutakia ile Jumapili utakayoona inafaa kuosha tope. Siku hiyo pita na gari hapa Barabara ya Port Bell, mchana kweupe, na upige honi. Tutatoka wote nje, na hakuna atakayeliegemea.

Chai iko tayari. Nakala zangu, tafadhali.