Bluu ya Dari la Bi Hamira

Kwenye kona, ukutani mwa nyumba ya fundi viatu, pana benchi la mbao ambalo mguu wake mmoja umekaa juu ya tofali. Asubuhi, jua likiwa bado halijavuka upande ule wa barabara, pana ubaridi mwororo pale, na mvuke wa kahawa hupanda taratibu kama mtu anayejaribu kukumbuka jambo. Wateja wa kudumu ni watatu. Mwenye nyumba wanamwita Kiraka, kwa sababu ya viatu anavyoshona. Yupo Breki, dereva wa malori aliyestaafu, ambaye hadi leo hukanyaga chini kila gari linapopita kasi. Na yupo Mawimbi, fundi redio, asiyeamini kitu kisicho na waya. Birika ni la Shangazi, muuza kahawa, na neno la mwisho pia ni lake. Jumanne hiyo Kiraka alitoka ndani ana matone ya rangi kwenye nyusi, akaketi bila hata salamu.

— Vipi, umefiwa au umepaka? Breki akauliza.

— Nimepaka.

— Sasa sura ya msiba ya nini?

— Nimepaka mbingu, ndugu yangu. Imetoka ini.

Shangazi akaacha kumimina.

Wote walijua habari ya mkewe. Bi Hamira, mpika mikate, alikuwa ameteleza kwenye ngazi za jiko la kazini kwake, sinia mkononi, akavunjika nyonga. Wiki tatu sasa yuko hospitali, na keshokutwa, Alhamisi, angerudishwa nyumbani alale chali wiki kumi nyingine. Katika miaka thelathini na moja ya ndoa hakuwahi kumwomba mumewe apendezeshe nyumba. Safari hii aliomba. "Kama ni kulala chali wiki kumi," alisema, "nipakie dari rangi ya mbingu. Sitaki kukaa nahesabu misumari."

Kiraka akaenda duka la rangi la Mama Makopo, akanunua kopo lililoandikwa Bluu ya Mbingu, na kifuniko chake kina duara la bluu safi, bluu inayomfanya mtu avute pumzi. Ilipokuwa mbichi ilikuwa bluu kweli. Akiwa juu ya ngazi, shingo imempinda, alihisi kama dirisha limefunguka juu ya kichwa chake. Akashuka, akaoga, akala. Aliporudi chumbani rangi ilikuwa imekauka, na dari zima limegeuka zambarau iliyochanganyika na udongo, rangi ya ini lililokaa kwenye sahani.

— Labda moshi wa jikoni, akasema Shangazi.

— Dari jipya, Shangazi. Halijaona moshi.

Mawimbi akaweka kikombe chini.

— Sikilizeni niwaambie. Rangi ni mawimbi. Bluu ni wimbi fupi, nyekundu wimbi refu. Nyumba hii imepakana na nguzo ya umeme. Umeme umelivuta wimbi lako, limerefuka. Hapo huwezi kumlaumu mwenye duka.

— Acha zako! Breki akadakia. Hilo kopo limekuja na lori. Mimi nimebeba rangi miaka kumi na tisa. Barabara ikiwa na mashimo, rangi ya chini inapanda juu. Niliwahi kupakia nyeupe, nikafika nayo ya waridi. Mwenye mzigo alilia. Ndiyo maana wahenga wakasema, kuku mgeni hakosi kamba mguuni.

— Kuku anaingiaje hapo?

— Rangi ilikuwa ngeni, siyo? Basi!

Shangazi alikuwa anautazama mvuke.

— Mimi nadhani haijaharibika, akasema polepole. Ni mbingu kweli. Ila walioichota waliichota jua limeshazama. Mtu wa kiwandani kachelewa kazini, wenzake wameshaondoka, anatazama juu anaona ile rangi ya mwisho mwisho, anasema, basi, hii hii. Akajaza makopo.

Hata Mawimbi aliinua macho kidogo, kana kwamba angemwona mtu huyo na ndoo yake. Kiraka alitamani kuamini. Ingekuwa rahisi kumwambia Hamira kwamba ile ni mbingu ya magharibi. Lakini alimjua mkewe. Mwanamke aliyetazama unga ukiumuka kila alfajiri ya maisha yake hadanganywi na kitu kilichododa.

— Ninamrudishia kopo lake, akasema, akainuka.

— Twende, akasema Breki. Mchagua jembe si mkulima!

Hakuna aliyejua alimaanisha nini, lakini walimfuata.

Duka la Mama Makopo lilikuwa jembamba na refu, makopo yamepangwa hadi juu. Mwenyewe alikaa nyuma ya meza, miwani inaning'inia kifuani kwa uzi. Ukutani alikuwa ameandika kwa mkono wake: KOPO LIKIFUNGULIWA NI LAKO.

Kiraka akaweka mezani risiti, kifuniko, na kipande cha mbao alichokipaka rangi ile ile.

— Mama, shikamoo. Hapa pameandikwa bluu. Hii ni bluu?

Akavaa miwani, akakigeuza kile kibao.

— Marahaba. Hii ni mbao. Mbao hunywa rangi. Tena rangi hutegemea mwanga, na macho ya mtu. Na wewe umeshapaka dari zima. Maji yakimwagika hayazoleki.

— Hatujaja kuyazoa, mama. Tumekuja kudai tuliyoandikiwa.

— Fedha sirudishi.

— Sijataja fedha. Nadai bluu.

— Mbingu ina rangi ngapi, fundi? Asubuhi yake, adhuhuri yake, ya mvua...

— Haya! akanong'ona Mawimbi. Si nilisema?

Kiraka akahisi damu inampanda masikioni. Alikuwa mtu mpole. Viatu vya watu wote wa mtaa ule vilipita mikononi mwake na hakuwahi kugombana na hata mmoja. Lakini akamwona Hamira, macho juu, asubuhi hadi asubuhi, siku sabini, chini ya lile ini. Akasema bila kupanga:

— Basi njoo ulale.

Breki akapaliwa na mate. Mama Makopo akavua miwani taratibu.

— Umesemaje?

— Sakafuni kwangu, mama. Utandikiwe mkeka, ulale chali, utazame juu, kama mke wangu atakavyolala. Ukisema hiyo ni mbingu, iwe ya saa yoyote unayotaka, sitakanyaga tena hapa, na kila mtu nitamwambia kosa lilikuwa langu.

Mama Makopo akachukua ufunguo.

— Na huyo mwenye kahawa aje pia, akasema. Siendi kulala chumbani mwa watu na wanaume watatu.

Hivyo ndivyo ilivyotokea kwamba saa tano asubuhi, watu wazima watano walivua viatu na kujilaza juu ya mikeka miwili, wakipangana kama mikate kwenye sinia. Mlango uliachwa wazi. Nje baiskeli ilipita ikilialia mnyororo. Mtu alimwita mtu. Halafu kukawa kimya, na lile dari likawa juu yao, zito, kama jambo linalotaka kusemwa.

Ni ajabu jinsi mtu anavyosahau kulala chali mchana. Kiraka alisikia pumzi za wenzake zikilegea moja baada ya nyingine. Kona za chumba zilianza kusogea mbali. Kwa dakika moja hakujua kama yuko chini anatazama juu, au yuko juu amening'inia, anatazama bwawa la maji machafu.

— Linashuka, akasema Breki, sauti yake ndogo.

— Halishuki, akajibu Mawimbi, lakini naye alinong'ona.

Mama Makopo alipoanza kuzungumza, hakuwa anamwambia yeyote.

— Mama yangu alilala hivi miezi saba. Dari letu lilikuwa na madoa ya mvua. Aliyapa majina. Moja alilipa jina langu, akawa analisalimia kabla yangu. Niliona wivu, mtu mzima mimi, naonea wivu doa.

Shangazi akanyoosha mkono, akamshika kiganja.

— Ulimpakia?

— Duka lilikuwa halijaanza. Nilikuwa nasema, kesho.

Mama Makopo akainuka, akakaa, akajifuta macho kwa ncha ya kanga, akavaa viatu.

— Hii si mbingu, fundi. Si ya asubuhi wala ya jioni. Tumeuziwa uongo, mimi na wewe.

Alirudi dukani, akateremsha makopo manane yote ya mzigo ule. Akayafungua moja moja, akapaka kibao kwa kila moja na kukianika juani. Vyote vikakauka ini. Akachukua kalamu nene, akafuta neno Bluu kwenye kila kopo, akayasogeza kando yarudi kwa aliyemletea. Kisha akafungua nyeupe, akaanza kuchanganya kwa mkono wake, tone la bluu ya mzigo mwingine, tone jingine, huku Kiraka amesimama pembeni.

— Hii?

— Baridi mno.

— Hii?

— Hiyo ni ya sare za shule.

— Na hii?

Kiraka akavuta pumzi.

Jumatano wakapaka wote. Nyeupe mara mbili kuliua lile ini, halafu bluu juu yake. Breki alishika ngazi, akikanyaga chini kila ilipotikisika. Mawimbi alisimamia mwanga. Mama Makopo alifunga duka nusu siku, jambo ambalo halikuwahi kutokea, akafundisha jinsi ya kuvuta rola bila kuacha mistari.

Alhamisi wahudumu wawili wakamwingiza Bi Hamira kwa machela, wakamlaza, wakaondoka. Kiraka akabaki amesimama mlangoni, mikono haina pa kukaa. Mkewe alitazama juu. Alitazama muda mrefu hata Kiraka akadhani amesinzia macho wazi.

— Ile kona ya kulia, akasema mwishowe, umeiruka.

— Nitaimalizia.

— Iache. Akatafuta mkono wake kwa kupapasa, bila kuondoa macho darini, akaupata. — Njoo ulale hapa kidogo. Kuna upepo.

Hapakuwa na upepo. Akalala, na baada ya muda naye akausikia.

Kesho yake benchi lilijaa mapema. Hadithi ilikuwa imeshaanza kunenepa: Breki anasema makopo yalikuwa themanini, Mawimbi anasema alilipima lile ini kwa kipimo cha redio likapiga kelele.

— Na bluu ile ndiyo bluu yenyewe, akasema Breki. Mimi nimeendesha chini ya mbingu miaka yote. Naijua kama usukani.

— Unaijua ya mchana tu, akasema Mawimbi. Mimi naijua hadi ndani yake.

— Mnabishana nini, akasema Shangazi, na mimi kila alfajiri niko hapa kabla mbingu yenyewe haijatoka?

Dirishani juu ya vichwa vyao sauti ikatoka, ya mtu aliyelala, tulivu.

— Enyi wa nje! Hamjambo?

— Hatujambo, Bi Hamira! Pole sana!

— Nishapoa. Hebu niambieni, maana mimi siioni. Leo mbingu ikoje?

Breki akafungua mdomo. Akainua uso juu ya mapaa, na mdomo ukabaki wazi. Mawimbi akavua kofia, akatazama, akaivaa tena. Shangazi akaliinua birika, akasahau anammiminia nani. Kule juu palikuwa na kitu kama maziwa, na kitu kama moshi, na katikati pakipita rangi ambayo kila walipoikazia macho ilikuwa imeshageuka.

— Mbona kimya? akauliza Bi Hamira.

Kiraka akatazama na wenzake, shingo imempinda kama alipokuwa juu ya ngazi, akitafuta neno.